Wenye mabanda ya video Mbeya acheni kudanganya watu, ndege ya Malaysia MH17 haikupigwa risasi!

Wakuu habari za jioni, naandika hapa nina hasira hata chai haijapita.

Jana nimetoka Uyole mpaka Mwanjelwa na baridi hii ya Julai, nikalipa buku kuingia banda la video maana ubaoni wameandika dokumentari ya makombora ya kutungulia ndege, imetafsiriwa Kiswahili. Haya mambo nayafuatilia miaka mingi, nikawahi benchi la mbele. Ikafika ile Boeing ya Malaysia iliyotunguliwa mashariki mwa Ukraine 17 Julai 2014, watu 298 na hakupona hata mmoja. Picha ikasogezwa kwenye bati la chumba cha rubani, matundu kibao, makubwa kwa madogo, kingo zimekunjika kuingia ndani, rangi ina masizi. Mtafsiri anasema eti "cheki risasi za ndege ya kivita hizo, kombora lingetoboa tundu moja tu". Banda zima likaitikia eeeh!

Jamani, iliyoitungua ni Buk, kombora la Kirusi linalorushwa toka ardhini, na halichomi ndege kama mkuki! Likishakaribia, kifaa chake cha kuhisi ukaribu kinalipua kichwa chake cha vilipuzi, kama kilo 70 hivi, humo baruti imezungushiwa maelfu ya vipande vya chuma, sasa vikitawanyika ndo vinaacha matundu yale. Wachunguzi wa Uholanzi waliliunganisha upya bati lenyewe kipande kwa kipande, ripoti ikatoka Oktoba 2015, kwamba kombora lililipuka nje, juu kushoto mwa chumba cha rubani. Vikapatikana na vyuma vyenye umbo la tai ya kipepeo, ile ya bwana harusi, kimojawapo mwilini mwa mmoja wa waliokuwa chumba cha rubani. Risasi gani ina umbo hilo??

Nikasimama nikaeleza kwa ustaarabu tu, mwenye banda akaniambia "toka nje bro unaharibu shoo", nikatolewa kweli, buku yangu sikurudishiwa.

Kinachoniuma zaidi mle ndani kulikuwa na madogo wa sekondari, na leo asubuhi mdogo wangu wa form two ananiambia "bro kumbe ile ndege ilipigwa risasi", kaambiwa shuleni.

Mwenye banda najua unapita humu. Buku kaa nayo, ila Jumamosi rudia kile kipande, umpe mtafsiri maneno sahihi, mimi nitakuja nimuandikie bure.