Nimeulizwa "claimed" kwenye intavyuu ya N-400 (fomu ya kuomba uraia wa Marekani), nikajibu "yes"

Mama Neema:
Habari zenu ndugu. Jana nimetoka intavyuu na usiku kucha sijalala. Civics (maswali ya historia na serikali) nimepita, kusoma nimepita, kuandika nimepita. Tukafika yale maswali ya yes na no, afisa anasoma mimi najibu no, no, no, halafu akasoma "Have you ever claimed to be a U.S. citizen?" nikasema "Yes". Akainua kichwa akarudia polepole, nikasema "Yes, today", maana kichwani mwangu claim ni kudai, na mimi si ndo nimekuja kudai uraia? Akaniuliza lini, wapi, nilimwambia nani. Hapo ndo nikashtuka, nikaanza kueleza huku mikono inatetemeka. Nimetoka na N-652 (karatasi ya matokeo ya intavyuu), tiki iko kwenye "A decision cannot yet be made". Sasa naombeni mnisaidie, niwaandikie barua ya maelezo sasa hivi au nisubiri wao waniandikie?

Dereva wa Trela:
Pole sana dada, nakuelewa kabisa. Bango la kwanza kulisoma mimi Marekani ni Baggage Claim, unaenda pale unachukua begi lako. Halafu kazini, enzi za ile W-4 ya zamani (fomu ya makato ya kodi ya mshahara) kabla hawajaibadilisha 2020, kila mtu anakuuliza unaclaim ngapi, unasema zero au one. Miaka yote claim kwangu ni kuchukua kilicho chako, ningejuaje mimi kwamba kuna claim ya kukutia matatani?

Mwalimu wa Jioni:
Dereva, kwenye Baggage Claim hilo ni nomino, tunaongelea kitenzi. Tusimchanganye dada wa watu.

Mama Neema, claim uitazame mkia wake. Ikifuatwa na kitu, "claim a refund", "claim my son on my taxes", hapo unadai haki yako. Ikifuatwa na "to be" au "that", hapo mtu anasema jambo fulani ni kweli, na anayesimulia hajakubali wala hajakataa. Kiswahili chetu ndo kimekuponza kwasababu kudai kunabeba yote mawili: "anadai mshahara wake" na "anadai yeye ni daktari". Ukisikia hiyo ya pili hufikirii kwamba jamaa kaenda kuomba udaktari, unaelewa anajitambulisha hivyo. Basi swali lile lilikuwa umewahi kujitambulisha kuwa raia wakati siyo raia? Ulichoenda kufanya jana ni "apply for citizenship", kuomba. Na ile "have you ever" ni umewahi, toka uzaliwe mpaka dakika ile, kwahiyo "yes, today" aliisikia kama leo hii nimejitangaza raia. Mkiwa pale usipoelewa mwombe arudie au aliseme kwa maneno mengine, inaruhusiwa, wala si aibu.

Baba Tatu:
Mwalimu umesema kujitambulisha, watu watadhani ni kwa mdomo tu. Swali linamalizikia "in writing or any other way"!! Binamu yangu kwenye I-9 (fomu unayojaza ukianza kazi) alitiki kile kiboksi cha kwanza, "A citizen of the United States", kwa sababu kilikuwa cha kwanza na watu walikuwa foleni nyuma yake. Hakufungua mdomo, lakini kalamu ilishasema. Na ukienda kuchukua leseni, tangu sheria ya 1993 wanakuuliza palepale kama unataka kujiandikisha kupiga kura, ukisaini umesema wewe raia. Na tangu ile sheria ya 1996 kujidai raia kwa uongo kunaweza kukuondoa nchini kabisa.

Dereva wa Trela:
Mama yangu yeye alifanya kwa Kiswahili na mkalimani, 50/20. Dada jaribu hiyo.

Shangazi Mkubwa:
50/20 ni umri miaka 50 na grini kadi miaka 20, na kuna 55/15. Mama Neema kashasema kwenye posti zake za nyuma kadi yake ni ya miaka sita. Someni kabla ya kujibu jamani.

Mimi makaratasi yangu yametimia siku nyingi na bado sijajaza N-400. Wakenya mna raha tangu katiba ya 2010 iruhusu uraia wa nchi mbili, sisi Watanzania tukiapa huku kwetu tunakuwa wageni. Kila nikifungua droo naiona ile pasi yangu, naishika, nafunga.

Baba Tatu:
Shangazi, si raha kihivyo. Walioapa kabla ya 2010 uraia haukurudi wenyewe, inabidi uombe. Lakini nakuelewa, shikamoo.

Mama Neema:
Asanteni wote. Mwalimu, nimeandika "claim to be = kujitambulisha" kwenye karatasi nimeibandika mlangoni, na mwanangu nimemfundisha. I-9 yangu nilitiki grini kadi, kura sijawahi kujiandikisha, kwahiyo jibu langu la kweli ni no na nataka walijue. Wana siku 120 za kuamua na zimeshaanza kuhesabika. Barua nitume au nisubiri?