Ingekuwaje kama Byron Kawadwa asingeuawa mwaka 1977?

Mtunzi_Jinja
Naandika mchezo wa redio, vipindi sita vya dakika 30. Ni historia ya kubuni: Kawadwa, mwandishi wa michezo ya kuigiza wa Uganda aliyeuawa enzi za Idi Amin baada ya kurudi kutoka Lagos, anabaki hai na anaendelea kuongoza Jumba la Taifa la Maonyesho pale Kampala. Mpango wangu ni kwamba mchezo wake wa nyimbo wa Kiganda, *Oluyimba lwa Wankoko*, hauendi kwenye FESTAC, tamasha la sanaa za Waafrika kule Lagos, unapelekwa mchezo mwingine, wakubwa wa serikali hawakasiriki. Je, badiliko hilo linatosha? Na burudani ya leo niibadilishe kiasi gani?

Kalamu_Kololo
Halitoshi, ndugu. Mchezo huo ulikuwa umeshaonyeshwa Kampala kabla ya Lagos, kwa hiyo aliyetaka kuona ubaya ndani yake hakuhitaji kusafiri. Tazama pia kalenda: FESTAC ilimalizika 12 Februari 1977, na siku nne baadaye Askofu Mkuu wa Kianglikana wa Uganda, Janani Luwum, aliuawa pamoja na mawaziri Oryema na Oboth-Ofumbi. Mwezi kama huo, mtu anayejaza ukumbi kila wiki yuko hatarini, awe ameandika nini.

Badilisha jambo moja tu: asirudi. Kutoka Lagos aende Nairobi. Lakini mtoze gharama yake, la sivyo msikilizaji hatakuamini. Robert Serumaga, mwandishi mwingine wa michezo wa Uganda, na kundi lake la Abafumi walizunguka nchi za nje kwa sababu maonyesho yao yaliegemea mwili, ngoma na sauti kuliko maneno. Nguvu ya Kawadwa ilikuwa maneno ya Kiganda yaliyofungamana na wimbo. Hadhira yake imebaki Kampala. Nairobi atalazimika kuandika kwa Kiswahili, na hapo ndipo penye mchezo wako hasa.

Mtunzi_Jinja
Asante sana. Basi nyimbo nizigeuze Kiswahili, muziki ubaki uleule?

Mwalimu_wa_Kwaya
Usifanye hivyo tafadhali! Kiganda ni lugha ya toni, na kina irabu ndefu ambazo muziki unazishikilia. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukimimina maneno mapya kwenye muziki wa zamani, mapigo yataangukia pasipostahili.

Chukua "Jogoo amewika, kumekucha". Mkazo uko joGOo, ameWIka, kumeKUcha. Pigo zito likiangukia silabi ya kwanza, utasikika ukiimba KUmekucha, na masikio yatakataa. Kwa hiyo soma shairi kwa sauti kwanza, pigia mstari silabi zenye mkazo, ziweke kwenye mapigo mazito, kisha ndipo utafute sauti za kupanda na kushuka. Halafu mwimbie bila ala mtu ambaye hajaona maneno. Akiuliza "umesema nini?", mstari huo uandike upya, hata kama unaupenda.

Kalamu_Kololo
Nyongeza kuhusu kurudi kwake. Kampala ilikombolewa kutoka kwa Amin 11 Aprili 1979, lakini usimfungulie ukumbi wiki hiyohiyo. Mji ulikuwa umeporwa. Na waziri yeyote atakayemuahidi fedha katika kipindi cha tano, kumbuka kwamba Rais Lule, aliyemfuata Amin, alikaa madarakani siku 68 tu. Ahadi ife naye.

Kuhusu leo, usifute vibanda vya video wala ma-VJ, yaani wanaofasiri filamu kwa sauti mbele ya watazamaji. Kosa hilo nimeliona katika hadithi nyingi za namna hii: kiongozi mmoja anapona, kila kitu cha baadaye kinatoweka. VHS ilitoka Japani mwaka 1976 na ingefika Kampala vyovyote vile. Mtazamaji hajui lugha ya filamu, mtu mmoja mwenye maikrofoni anamfasiria. Sababu hizo hazimhusu Kawadwa. Anachoweza kubadilisha ni nani ameshika maikrofoni. Katika kipindi cha sita mweke VJ aliyefundwa na kundi lake, anayejua lini aseme na lini anyamaze ili risasi isikike.

Mtunzi_Jinja
Nimeelewa. Naanza upya na kipindi cha pili, uwanja wa ndege Lagos.