Windows 10 imefikia kikomo: je, steshenari ihamie Linux au inunue kompyuta nyingine?

Mchapaji_Changanyikeni ameuliza:

Wakuu, salaam. Naendesha steshenari huku Changanyikeni, jirani na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na wateja wangu wengi ni wanafunzi wanaokuja kuchapa na kubaindi ripoti za mafunzo kwa vitendo, tasnifu, wasifu na barua za maombi ya kazi. Nina dekstopu tano za mtumba, zote zikitumia Windows 10 na prosesa za Intel za kizazi cha nne na cha sita. Kama mjuavyo, Microsoft iliacha kutoa masasisho ya usalama ya bure kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi karibu prosesa zote za Intel zilizo chini ya kizazi cha nane, wala kompyuta isiyo na chipu ya usalama ya TPM 2.0. Kompyuta zenyewe ni nzima kabisa. Zinawaka haraka, zina RAM ya GB 8, na sioni sababu ya kuzitupa.

Ushauri niliopata hadi sasa unagongana. Fundi mmoja anasema ataniwekea Windows 11 kwa kuzunguka masharti hayo, pamoja na Office iliyovunjwa leseni. Mdogo wangu, anayesoma kompyuta, anasisitiza nihamie Linux, mfumo endeshi wa bure, na LibreOffice, programu za ofisi za bure. Nilikubali kujaribu kwenye laptopu yake kwa ripoti ya mteja mmoja, na nilichokiona kilinitia wasiwasi: jedwali lililokuwa mwisho wa ukurasa mmoja liliruka hadi ukurasa uliofuata, namba za kurasa kwenye yaliyomo hazikulingana tena na sura zake, na nembo ya chuo ilikaa juu ya jina la mwanafunzi. Mteja anayelipia nakala nne za tasnifu zenye jalada gumu hawezi kupokea kazi ya namna hiyo, nami siwezi kumlaumu.

Zaidi ya hapo, kadi za sendofu na za michango ya harusi natengeneza kwa Publisher, programu ya Microsoft ya kupangilia kurasa, na nina mafaili ya miaka mingi. Naomba kujua mambo mawili. Kwanza, hatari ya kubaki na Windows 10 ni kubwa kiasi gani kwa biashara ya aina hii? Pili, kwa nini mpaka leo hati iliyoandikwa kwa programu moja haifunguki sawasawa kwenye programu nyingine?

Fundi_wa_Aggrey amejibu:

Dada, pole na kazi. Nianze na hatari, kwa sababu steshenari ni mahali pabaya kuliko ofisi ya kawaida. Kila siku unapokea flashi za watu usiowajua, na kila moja imepita kwenye kompyuta ambazo huzijui. Bila shaka umewaona wale virusi wanaoficha mafolda ya mteja na kuweka njia za mkato mahali pake. Mwanafunzi anafungua flashi, anakuta vijifaili vya KB chache, anadhani tasnifu yake imepotea. Mfumo usiopokea masasisho unabaki na matundu yanayojulikana, na wanaoandika virusi huyatafuta hayo kwanza. Kinga ya virusi ya Defender, inayokuja na Windows, itaendelea kupata taarifa za virusi wapya kwenye Windows 10 hadi Oktoba 2028, lakini hilo haliyazibi matundu ya mfumo wenyewe.

Microsoft imeweka mpango wa kuongeza muda. Watumiaji wa nyumbani waliruhusiwa kujiandikisha hadi tarehe 13 Oktoba 2026, ama kwa dola 30, ama bila malipo kwa kuhifadhi mipangilio ya kompyuta kupitia akaunti ya Microsoft. Kwa mashirika na biashara bei ni dola 61 kwa kila kompyuta kwa mwaka wa kwanza, nayo huongezeka maradufu kila mwaka, kwa miaka isiyozidi mitatu. Ukipiga hesabu ya kompyuta tano kwa miaka mitatu utaona kwamba fedha hiyo inanunua kompyuta nyingine hapa Kariakoo.

Huyo fundi wa kuzunguka masharti mkwepe. Windows 11 iliyowekwa kwenye mashine isiyotimiza vigezo haina dhamana ya kupata masasisho, maana yake utakuwa umerudi pale pale. Na hizo aktiveta za kuvunjia leseni hukutaka uzime kinga ya virusi kwanza ndipo uziendeshe. Mashine ninazoletewa zikiwa na mafaili yaliyofungwa na wahalifu wanaodai fedha ili wayafungue, mara nyingi historia yake huanzia hapo. Hili nalisema kwa uzito kwa sababu kwenye kompyuta zako kuna vyeti vya watu, namba za NIDA na taarifa za mikopo, na anayeumia si wewe peke yako.

Ushauri wangu ni kununua dekstopu moja ya mtumba yenye prosesa ya kizazi cha nane na leseni halali ya Windows 11, iwe ya Word na Publisher. Zilizobaki zitie Linux Mint, aina mojawapo ya Linux. Kabla ya kusakinisha chochote, iwashe kutoka kwenye flashi uijaribu siku nzima bila kugusa diski. Jambo moja litakalokufurahisha mapema: ukiifungua ile flashi yenye njia za mkato kwenye Linux, kwa kawaida mafaili ya mteja unayaona yote, na vile virusi vilivyoandikwa kwa ajili ya Windows havina pa kukimbilia.

Mwalimu_Temeke amejibu:

Dada Mchapaji, swali lako la pili ndilo kubwa, na naomba nilijibu kwa kirefu.

Kilichosogeza kurasa zako kwa sehemu kubwa ni fonti, yaani aina za mwandiko wa herufi. Hati ya Word kwa kawaida haibebi fonti zenyewe. Inabeba majina yake tu, na kompyuta inayoifungua hutakiwa kuwa nazo. Calibri na Cambria, zilizokuja na Office 2007, ni mali yenye leseni, kwa hiyo Linux haiji nazo. Isipozipata, huchukua fonti nyingine. Herufi zikizidi upana hata kidogo, neno la mwisho la mstari hushuka chini, aya hupata mstari wa ziada, na kufikia sura ya nne jedwali limeshaingia ukurasa mwingine. Dawa yake ipo: fonti za Carlito na Caladea zilichorwa makusudi ziwe na vipimo vilevile vya Calibri na Cambria, na Liberation Serif inafanya hivyo kwa Times New Roman. Mwambie mdogo wako ahakikishe zote zimo, kisha fungua ripoti ileile upya. Kwa kuwa vyuo vyetu vingi hutaka Times New Roman, utaona tofauti kubwa. Nembo kukaa juu ya jina ni suala jingine: mwanafunzi aliiacha picha ielee juu ya maandishi badala ya kuiweka ndani ya mstari, na programu mbili hazikokotoi mahali pa picha inayoelea kwa namna moja.

Tena tusiibebeshe LibreOffice lawama yote. Wanafunzi wengi siku hizi huandika sehemu ya kazi kwenye simu kwa programu ya WPS, sehemu kwenye Google Docs, kisha wanamalizia kwa Word kwa rafiki. Hati ya namna hiyo huchezacheza hata ikifunguliwa kwa Word yenyewe. Ndiyo maana ningekushauri ubandike tangazo mlangoni kwamba kazi ya kubaindi inapokelewa kwa PDF, na mteja asiyejua kuitoa asaidiwe palepale. PDF hubeba fonti ndani yake, na tangu 2008 ni kiwango cha kimataifa cha ISO, shirika la viwango la kimataifa, ambacho kampuni yoyote inaweza kukitumia.

Sasa kwa nini hali ikawa hivi? Mafaili ya zamani ya Word, yale ya .doc, yalikuwa siri ya mwenye programu, na wengine walilazimika kuyachunguza baiti kwa baiti ili wayafungue. Mwaka 2006 ISO ilipitisha ODF, muundo wa wazi unaotumiwa na LibreOffice. Microsoft nayo ilipeleka wa kwake, na mwaka 2008 ukapitishwa pia baada ya mabishano makali. Tukabaki na viwango viwili rasmi kwa kazi moja, huku dunia ikiendelea kutumia ule wa mwenye soko kubwa. Kwangu hapo ndipo ushindani ulipojeruhiwa zaidi. Mahakama ya Marekani, katika kesi iliyofunguliwa dhidi ya Microsoft mwaka 1998, ilieleza kwamba programu nyingi kuandikwa kwa ajili ya Windows ndiko kulikowazuia watu kuhama, hata palipokuwa na mfumo mwingine mzuri. Naamini hati hufanya vivyo hivyo, tena kwa ukali zaidi, kwa kuwa mtu anaweza kubadili programu yake lakini hawezi kubadili za wote wanaomtumia mafaili.

Inaniuma kusema kwamba mtaa wako wenyewe ulikuwa mbele katika hili. Mwaka 2004, hapo hapo Mlimani, kwenye Chuo Kikuu, mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice, programu nzima ya ofisi kwa Kiswahili, bure. Wanafunzi wangu wa leo hawajawahi kuisikia.

Mhasibu_Ilala amejibu:

Mwalimu, nakuheshimu, lakini biashara ya dada yetu haitaendeshwa na historia. Leseni mara nyingi ndiyo gharama ndogo. Kubwa ni muda. Kijana anayemsaidia dukani amezoea vitufe vya Word, na wakati wa msimu wa maombi ya mikopo ya HESLB, foleni inapofika barabarani, hakuna nafasi ya kutafuta kitufe kimehamia wapi. Programu nyingi za uhasibu ninazotumia ofisini zimeandikwa kwa Windows pekee. Na waliojaribu kwa kiwango kikubwa walirudi: mji wa Munich, Ujerumani, uliamua mwaka 2003 kuhamia Linux, ukahamisha kompyuta zaidi ya elfu kumi, kisha mwaka 2017 baraza lake likapiga kura kurejea Windows. Mji wenye wahandisi wake ukishindwa, steshenari ifanyeje?

Mwalimu_Temeke amejibu:

Mhasibu, hoja ya muda ni ya kweli na siipuuzi. Lakini mfano wa Munich hauko peke yake. Gendarmerie, kikosi cha polisi wa kijeshi cha Ufaransa, walianza na OpenOffice, programu ambayo LibreOffice ilitokana nayo, mwaka 2005, wafanyakazi wakaizoea wakiwa bado kwenye Windows, na mfumo endeshi wenyewe wakaanza kuubadili kuanzia 2008. Wapo kwenye Linux mpaka leo. Jimbo la Schleswig-Holstein, nalo la Ujerumani hiyohiyo, lilitangaza mwaka 2024 kupeleka kompyuta zipatazo 30,000 kwenye LibreOffice. Naona mpangilio wa Wafaransa ndio wa kuigwa: programu kwanza, mfumo baadaye.

Halafu tazama kazi za msimu huo unaousema. Maombi ya mkopo hujazwa kwenye kivinjari, fomu huchapwa, husainiwa, huskaniwa na kupandishwa tena. Usajili wa BRELA na ritani za TRA nazo ziko kwenye mtandao. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, kivinjari cha Microsoft, Internet Explorer, kilipokuwa na zaidi ya asilimia 90 ya soko, tovuti nyingi ziliandikwa kwa ajili yake pekee na mtumiaji wa Linux alikuwa nje. Firefox ilipotoka mwaka 2004, na Chrome mwaka 2008, waandishi wa tovuti walilazimika kufuata viwango vya wazi. Leo Firefox au Chrome kwenye Linux inafanya kazi hizo zote, na anayefaidi ni mwenye kompyuta ya kizazi cha nne.

Mchapaji_Changanyikeni amejibu:

Nawashukuru sana nyote. Jana jioni tulizitia zile fonti kwenye laptopu ya mdogo wangu, na ripoti ileile imefunguka na namba za kurasa zinazolingana. Nembo tu ndiyo tuliyoiweka sawa kwa mkono. Nimeamua kununua mashine moja ya Windows 11 kama fundi alivyosema, na LibreOffice nitaiweka sasa kwenye hizi kompyuta zote zikiwa bado na Windows, kijana wangu aizoee kabla ya msimu. Mhasibu, hilo nimelizingatia kwa ajili yako.

Yamebaki mawili: printa na mafaili yangu ya Publisher.

Fundi_wa_Aggrey amejibu:

Kwa Publisher usichelewe, kwa sababu Microsoft yenyewe imetangaza kuisitisha Oktoba 2026. Draw, programu ya michoro iliyomo ndani ya LibreOffice, inafungua mafaili ya Publisher ya .pub, ingawa kadi zenye mapambo mengi zitahitaji kurekebishwa. Kadi unazozirudia mara kwa mara zitoe kwa PDF mapema, na zile chache unazozibadilisha kila harusi uzitengeneze upya kwenye Draw au Scribus, programu ya bure ya kupangilia kurasa.

Kuhusu printa, mashine kubwa ya fotokopi inayopokea PostScript au PCL, lugha za kawaida za printa, haitakusumbua. Printa nyingi za HP zina draiva, yaani programu za kuziendesha, nzuri za Linux. Chunga baadhi ya zile Canon ndogo za leza za zamani zinazotegemea draiva ya Canon yenyewe iitwayo CAPT, kama LBP6000, kwani hizo ni za kuhangaika nazo. Kama unayo, ichomeke kwenye ile mashine ya Windows, na kazi za kuchapwa nayo zitume huko kwa PDF kupitia mtandao wa dukani. Andika modeli za printa zako hapa nami nitakwambia ipi iende wapi.