Fidia ya adhabu kwa ufisadi: someni kwanza jina la mdaiwa ndipo mshangilie

Wakuu, imetosha. Kila ikitoka hukumu ya ufisadi yenye fidia ya adhabu, yaani pesa juu ya hasara za kumwadhibu mdaiwa, vigelegele vinapigwa kana kwamba mwizi kashikwa. Ebu fungueni ukurasa wa kwanza msome jina la mdaiwa. Mkikuta ni wizara au halmashauri, mlipaji ni hazina, na hazina ni kodi zetu. Aliyeibiwa ndiye anayetozwa faini ya kuibiwa!

Wala si jambo jipya. Mahakama ya Juu ya Marekani ililisema mwaka 1981 katika kesi ya mji wa Newport: chini ya sheria yao ya haki za kiraia, mji haubebeshwi fidia ya adhabu kwa sababu watakaoumia ni walipa kodi wasio na kosa. Ofisa mwenyewe, kwa mfuko wake, anabebeshwa.

Wanaofuata sheria ya Kiingereza wamekwama kwenye kesi ya Rookes dhidi ya Barnard ya 1964. Jaji Devlin aliacha milango miwili mikuu ya kuipata fidia ya adhabu: uonevu wa watumishi wa serikali, na mtu aliyepiga hesabu kwamba faida ya kosa itazidi fidia atakayolipa. Mawakili wanakimbilia mlango wa kwanza kwa kuwa serikali haifilisiki. Uvivu mtupu. Hongo ni biashara, na mahali pake ni mlango wa pili, ambako mtoa hongo naye anaingia. Huyo ndiye mwenye hela, na ndiye kila mtu anamsahau.

Sasa wale wa "fidia ya kawaida inatosha", njooni hapa. Kuna kesi ya chama cha nyumba cha maofisa wa serikali wa Malaysia, iliyoamuliwa mwaka 1978 na Baraza la Faragha jijini London, mahakama ya mwisho ya rufaa kwa baadhi ya nchi za Jumuiya ya Madola. Mfanyabiashara alinunua ardhi kwa dola 456,000 za huko akakiuzia chama kwa 944,000. Ukitoa gharama ya 45,000 ya kuwaondoa waliokuwa wanaishi pale, chama kilipigwa 443,000. Mkurugenzi wa chama alijua yote, akanyamazishwa kwa 122,000. Mahakama ya huko ikaamuru alipe vyote viwili, hasara na hongo. London wakakataa: chama kichague kimoja. Bila shaka kisheria wako sahihi, hasara hailipwi mara mbili. Lakini inapobaki fidia tupu, anayenaswa anarudisha hasara, basi, na asiyenaswa anakula. Tuseme wanaonaswa ni mmoja kati ya wanne. Ili wizi usilipe, huyo mmoja inabidi atoe mara nne ya alichochota. Chini ya hapo mahakama inamkopesha tu. Na mara nne si wazimu: sheria ya Marekani ya madai ya uongo dhidi ya serikali inatoza mara tatu, na mwaka 2003, kwenye kesi ya State Farm, Mahakama yao ya Juu ilisema fidia ya adhabu ikifika mara kumi ya hasara au zaidi, ni nadra kupita.

Kinachoniudhi zaidi ni hati za madai zinavyoandikwa. Fidia ya adhabu inatupwa mwishoni, mstari mmoja, "na nafuu nyingine yoyote". Haiendi hivyo. Iombwe waziwazi, pamoja na maelezo ya hesabu aliyopiga mdaiwa: alilipwa kiasi gani, lini, kupitia akaunti ya nani. Ofisa ashitakiwe kwa jina lake, mtoa hongo awe mdaiwa wa pili. Amri ya kuzuia mali iombwe upande mmoja, yaani bila mdaiwa kuitwa, KABLA hati ya wito haijamfikia. Ukichelewa wiki moja, nyumba ishakuwa ya shemeji.

Jambo jingine: fidia ya adhabu ni deni la kawaida. Mdaiwa akifilisika unapanga foleni na wadai wengine. Kwa hiyo anza na dai la amana, yaani kwamba mali aliyonayo anaishikilia tu, mwenyewe ni wewe. Kesi ya Reid ya 1993 ilishasema hongo, na ardhi iliyonunuliwa kwa hongo hiyo, ni mali ya mwajiri tangu siku ilipopokelewa, pamoja na thamani iliyopanda. Bwana yule alipokea hongo Hong Kong akanunua ardhi Nyuzilandi. Chukua ardhi kwanza, adhabu ifuate.

Halafu hukumu itenganishe kila kiasi kwenye mstari wake. Mwaka 1992 mahakama ya juu ya Ujerumani ilikataa kukazia sehemu ya adhabu ya hukumu iliyotoka California, lakini sehemu ya fidia ikapita. Mkiandika jumla moja kubwa, mnajitafutia mgogoro wa bure pesa zikiwa nje.

NYONGEZA: Kuna mdau kasema faini ya jinai inatosha, haya mengine tunajisumbua. Mkuu, kesi ya jinai hafungui aliyeibiwa, anafungua mwendesha mashtaka akipenda. Unajua yule Reid kazi yake ilikuwa nini? Alikuwa akikaimu ukurugenzi wa mashtaka, na hongo alilipwa ili kesi za wahalifu fulani zisiendelee.