Koki za chini ya maji zimeganda kwenye boti: nizilazimishe au nibadilishe?

Mtoto wa Raskazone
Wakuu, salamu. Nina boti ya faiba ya futi 28, injini ya dizeli ya ndani, nimeinunua mkononi kwa mtu hapa Tanga. Chini ina koki tatu za brasi: moja inavuta maji ya kupoozea injini, moja ya choo, moja ya kutolea maji ya sinki. Ya sinki inafunga. Mbili zilizobaki hazigeuki kabisa, na mpini wa ile ya injini umeanza kupinda. Shingoni zina ukoko wa kijani na chumvi. Jirani bandarini kaniambia nivishe kipande cha bomba kwenye mpini nipate nguvu. Boti bado inaelea. Hizi zinafufuka kweli?

Fundi Dizeli
Bomba hilo weka chini, mkuu! Koki ya inchi moja ikikatika futi mbili chini ya usawa wa maji, unaingiza lita 60 na zaidi kwa dakika. Hizo ni ndoo tatu kubwa. Hutafua maji hayo kwa mkono.

Puliza mafuta ya kulegeza kutu shingoni, acha hadi kesho yake. Kisha funga tambara, limwagie maji ya moto, ujaribu kwenda na kurudi kidogo kidogo, sio kusukuma upande mmoja. Moto wa gesi usiusogeze, faiba inaharibika na dizeli ipo hapo hapo. Kabla ya yote chonga kizibo cha mbao laini, ukifunge kwa kamba kando ya kila koki.

Bomba Mikocheni
Mbona mnamtisha? Valvu za brasi zimejaa kila duka la vifaa vya ujenzi. Nafunga majumbani na zinakaa miaka. Toa kuukuu, weka mpya, maisha yaendelee.

Mzee wa Ngama
Mwanangu wa Mikocheni, ya nyumbani inapita maji ya bomba. Hii inalala kwenye chumvi usiku na mchana. Brasi ya kawaida ni shaba na zinki, na zinki hufika karibu asilimia 40. Bahari inaila zinki na kuiacha shaba imesimama na umbo lake lile lile, ila ndani ni vitundu vitupu. Kwa macho unaona koki nzima. Siku unayoishika kwa nguvu, inavunjika kama biskuti.

Wewe wa Raskazone, kabla ya kuhangaika na mafuta, kwangua kwa kisu mahali palipofichika. Ukiona manjano inayong'aa, chuma kina uhai. Ukiona wekundu wa waridi, hiyo imekufa na hakuna fundi wa kuifufua. Gonga pia taratibu kwa nyundo ndogo: nzima inalia, iliyooza inatoa sauti butu. Ukoko wa kijani peke yake usikutishe.

Bint Mvita
Nakazia ya mzee. Ukoko utoe kwa siki, usitumie dawa za usafi zenye amonia, zinaweza kupasua brasi.

Wakati wa kununua tafuta bronzi halisi (shaba na bati), au brasi inayostahimili kuliwa zinki. Hiyo huchapwa CR, DZR au CW602N ubavuni. Ukikuta CW617N ni ile ya majumbani. Na ukiambiwa ni "manganese bronze", jua kwamba jina ni bronzi lakini mwili ni brasi, zinki imejaa tele. Hata boti mpya za Ulaya zimekuwa zikitoka kiwandani na brasi ya kawaida, kwa sababu kiwango cha ISO 9093-1 cha miaka ya 1990 kilitaka kifaa kidumu miaka 5 tu. Wewe yako ina umri gani?

Mtoto wa Raskazone
Shikamoo mzee, asanteni wote. Boti ni ya 1998. Nimekwangua. Ya choo ni manjano safi, na baada ya mafuta na maji ya moto imeanza kucheza. Ya injini ni waridi tupu, hata kisu kimezama kidogo. Naitoaje sasa?

Mzee wa Ngama
Marahaba. Usiiguse tena ikiwa majini. Subiri bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, hapo Tanga maji hushuka zaidi ya mita 3. Ipweleze boti mchangani, iwekee gadi, yaani miti ya kuiegemeza, pande zote mbili, rafadha isiguse chini. Koki ikate kwa msumeno wa chuma kutokea ndani. Toa na bomba lake linalopita kwenye faiba, maana limeliwa pamoja nayo. Kila kitu kiwe tayari mkononi, bahari haikusubiri ukatafute duka. Ya choo ipake grisi, uwe unaifunga na kuifungua kila mwezi.

Fundi Dizeli
Kabla ya kuagiza, hesabu tredi, ile mistari ya kufungia, kwenye urefu wa inchi moja. Kwa saizi ya inchi moja, 11 ni za Kiingereza, BSP. 11 na nusu ni za Kimarekani. Ukichanganya zinashika mizunguko michache, unadhani zimekaza, kumbe zinavuja.

Mtoto wa Raskazone
Ni 11 kamili. Bint Mvita, kwa Mombasa zenye alama ya CR zinapatikana dukani au mpaka niagize?

Bint Mvita
Zipo ila za kutafuta. Nitumie picha ya koki pamoja na rula, kesho nikipita dukani nitakuulizia.