Tupeane uzoefu: kuvuka daraja la barabara kuu kwa miguu au kwa baiskeli

Mwanzisha mada: Habari za jioni, ndugu zangu. Juzi wapimaji wamepigilia vigingi kwenye mto wetu, kwa kuwa daraja jembamba lililopo litabomolewa na barabara kuu ipanuliwe. Nilipoviona nikamkumbuka marehemu mama, aliyekuwa akivuka hapo na beseni la samaki kichwani huku upepo wa malori ukimvua khanga. Naomba kila aliyewahi kuvuka bila gari aeleze yaliyomkuta, ili tukiitwa kwenye mkutano wa kijiji tuwe na la kusema kabla michoro haijapitishwa.

Mkazi wa Kurasini: Ninavuka Daraja la Nyerere kwenda Kigamboni tangu lilipofunguliwa Aprili 2016. Lina mita 680 na njia sita za magari, lakini pembeni ipo njia yetu, na mwenda kwa miguu halipi. Zamani pantoni ikiharibika pale Magogoni, siku yako imekwisha.

Mchoma mkaa mstaafu: Daraja la zamani la Wami, mnaolijua mnalijua: mteremko, kona, njia moja ambayo magari yanasubiriana, kisha mlima. Mwaka 2009 nilikuwa napeleka mkaa kwa baiskeli, magunia mawili nyuma. Desturi yetu ilikuwa kusikiliza kwanza, kwa sababu gari linaloshuka hulioni mpaka limekufikia. Siku hiyo nilisikiliza, kukawa kimya, nikaanza kusukuma. Nilipofika katikati, basi likaingia nyuma yangu kwa honi moja ndefu, na kule mbele lori lilikuwa limesimama likingoja zamu. Pa kujibanza hapakuwapo. Nikailaza baiskeli ukingoni, nikavusha mguu mmoja upande wa nje, nikaukumbatia ukingo huku nikitazama maji, na wenyeji tunajua kwamba maji yale yana mamba. Kioo cha basi kilipita juu ya kisogo changu, gunia la juu likachanika na mkaa wote ukamwagikia mtoni. Basi halikusimama. Vidole vyangu vilikataa kuachia, ikabidi utingo wa lori aje kunibandua kimoja kimoja. Daraja jipya lilipoanza kutumika mwaka 2022 nilikwenda kwa makusudi, nikalitembea kwenda na kurudi bila mzigo wowote.

Bi Mwanahawa: Allah ashukuriwe kwa kukunusuru, baba. Nimesoma mwili ukinisisimka.

Dereva wa masafa: Pole sana, mzee wangu. Hata hivyo, basi lenye abiria sitini kwenye mteremko ule halisimamishwi ghafla, na mwenye baiskeli angepaswa kusubiri.

Mchoma mkaa mstaafu: Nisubiri hadi lini, mwanangu? Magari hayakuwa na mwisho, na mimi sikuwa na zamu. Zamu zilikuwa za magari.

Dereva wa masafa: Hapo umenena kweli, nami nalikubali. Nasi madereva tunaihitaji hiyo njia ya pembeni, kwa sababu hakuna anayependa kulala na sura ya mtu aliyemkosa kwa inchi.

Mama Neema: Ushauri wangu ni kuvuka upande unaotazamana na magari, ili uyaone yanapokuja.

Fundi baiskeli, Tabora: Kwa mwenda kwa miguu ni sawa, dada, lakini mwendesha baiskeli akifanya hivyo anajiua. Akae kushoto, aende na magari.

Mama Neema: Basi ashuke asukume.

Fundi baiskeli, Tabora: Akisukuma anakuwa mpana maradufu.

Msimamizi wa zege: Nimefanya kazi kwenye madaraja kadhaa, kwa hiyo niruhusuni niseme. Nguzo na mihimili hukokotolewa kwa upana na uzito maalumu, na daraja likishamwagwa, kuongeza njia ya watu ni kazi ngumu na ya gharama, hivyo jambo hili lidaiwe likiwa bado kwenye karatasi. Msikubali mstari wa rangi. Daini ukingo wa zege kati yenu na magari. Pale sakafu inapoungana huachwa mwanya wa kutanukia wakati wa joto, nao humeza gurudumu la baiskeli usipofunikwa bamba. Mifuniko ya mitaro isiwe ya chuma, kwa maana itaibwa ikauzwe chakavu.

Msukuma wa Busisi: Ulizeni pia njia inaishia wapi. Daraja letu la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina kilomita 3 na njia ya miguu ipo. Kwingine, hata hivyo, nimeshapita njia nzuri inayokatika ghafla kwenye korongo mara daraja linapoisha.

Mtanzania, New York: Hata huku ilichukua muda. Daraja la Tappan Zee juu ya mto Hudson lilifunguliwa mwaka 1955 bila njia ya miguu wala ya baiskeli. Lililolirithi lilijengwa nayo, ikafunguliwa Juni 2020, na Jumamosi huwavusha wanangu hapo kwa baiskeli.

Mwanzisha mada: Ahsanteni. Leo asubuhi nimemfuata mpimaji, akanifunulia mchoro kwenye boneti ya gari. Njia ya miguu imo, upande mmoja tu, upana mita moja. Nilichukua beseni la mama nikalipima kwa futi yake: sentimita 62. Wawili wakikutana hapo, mmoja lazima ashuke barabarani. Mkutano ni Alhamisi, nami nitakwenda na mabeseni mawili.