Tupeane uzoefu: ni mafuta gani ya kupikia yaliyolituliza tumbo lako?

Mwanzisha mada, Langoni, Lamu

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nimeishi na tumbo lisilotulia kwa miaka minane, na katika muda huo nimebadilisha mafuta mara tatu: nilitoka kwenye mafuta ya mgando nikaingia kwenye uto wa kupimiwa dukani, nikahamia alizeti, kisha nikaishia kwenye mafuta ya nazi niliyoyatengeneza mwenyewe kwa kuchemsha kasimile mpaka maji yakauke na mashapo yageuke kahawia chini ya sufuria. Kila nilipobadilisha nilipata nafuu ya wiki moja au mbili, halafu kiungulia, gesi na kuharisha vikarudi.

Mwaka jana mtaalamu wa lishe alinitaka niyapime mafuta kwa kijiko kabla hayajaingia chunguni, jambo ambalo sikuwahi kulifanya tangu niolewe. Nikagundua kwamba mchuzi wa samaki wa watu wanne nilikuwa nikiutilia vijiko vikubwa tisa. Kijiko kimoja hubeba takriban gramu 14, na gramu moja ya mafuta, yawe ya nazi, ya simsim au ya zeituni, hutoa kalori zipatazo 9. Tena mafuta yakizidi, chakula hukawia kutoka tumboni, na ndiyo sababu nilikuwa nikilala nimeketi. Nilishuka hadi vijiko vitatu vya mafuta yale yale ya nazi, na usiku wangu ukatulia, ingawa gesi haijaniacha. Ninaomba kila atakayechangia ataje aina ya mafuta, kiasi chake na namna alivyopikia, kwa sababu jina la mafuta peke yake halimfai mwenzake.

Mchangiaji, Barani, Malindi

Dada yangu, mimi ninauza bajia na viazi vya karai, na chakula changu cha mchana kilikuwa hicho hicho ninachouza. Nilikuwa nikiongeza mafuta mapya juu ya yale ya jana, siku nne hata tano, nikiamini kwamba mapya huyafufua ya zamani. Hayafufuki. Mafuta yaliyochoka hutoa povu dogo dogo lisilokufa hata viazi vikishatolewa, huwa mazito yakipoa, ukingo wa karai hunata kidoleni, na moshi hupanda kabla moto haujakolea. Harufu yake ilikuwa ikinikwaruza kooni kabla sijameza tonge la kwanza, nami nikadhani ni pilipili.

Kosa la pili lilikuwa kutumbukiza viazi mapema kwa kuogopa kuyaunguza mafuta. Yasipofika nyuzi 170 au 180 za Selsiasi hivi, ganda la unga halikauki upesi, na kiazi hunywa mafuta mpaka ndani. Sina kipimajoto, nadondosha tone la unga, likizama na kukaa chini nasubiri, likipanda papo hapo likichemka pembeni naanza kazi. Mafuta ninayonunua ni yale yale ya zamani, lakini sasa nayachuja kila jioni na kuyamwaga mara yanapoonyesha dalili hizo. Kuharisha kumekoma, Alhamdulillah.

Mchangiaji, Shela, Lamu

Naomba nitoe tahadhari. Nilitumia fedha nyingi kununua mafuta ya zeituni, na maumivu chini ya mbavu za kulia hayakupungua. Yalianza saa moja au mbili baada ya kula na kupanda mpaka begani. Ultrasaundi ilionyesha mawe kwenye kibofu cha nyongo. Mafuta ya aina yoyote yakifika kwenye utumbo mwembamba huamsha homoni inayokibana kibofu hicho kitoe nyongo, na penye mawe ndipo panapouma. Mwenye maumivu ya namna hii, macho ya manjano, damu chooni, au anayekonda bila sababu, asiendelee kujaribu mafuta jikoni, aende akapimwe.

Mchangiaji, Matondoni

Shangazi, kuhusu hiyo gesi, mimi niliulaumu uto wa simsim, nao ndio tuliokulia nao, kwani wazee wetu walitusimulia vinu vya simsim vilivyozungushwa na ngamia Lamu. Niliuacha miezi mitatu bila faida yoyote. Kilichokuwa kikinivimbisha ni vitunguu maji viwili na saumu iliyotwangwa, ambavyo nilivikaanga ndani ya uto huo kila siku. Vitunguu vina fruktani, aina ya wanga ambayo utumbo mwembamba hauwezi kuimeng'enya, ikafika utumbo mpana na kuchachuka huko. Fruktani huyeyuka kwenye maji, haiyeyuki kwenye mafuta. Kwa hiyo nazikaanga punje nzima za saumu kwa uto, nazitoa zote kabla ya kutia nyanya au tui, na ladha yake hubaki. Ukizitoa baada ya kutia maji umechelewa. Ninatumia vijiko viwili vya uto kwa sufuria ya watu watatu.

Mwanzisha mada

Nimekusoma, mwanangu, na leo mchana nimefanya hivyo: punje tano za saumu, vijiko vitatu vya mafuta ya nazi, kitunguu maji nimekiacha kabisa. Mafuta siyabadilishi tena wala siongezi jaribio jingine kwa siku kumi, ili nijue kwa hakika ni kipi kilichokuwa kikinisumbua. Nawaomba wa Malindi wanaopikia samli nao watuandikie.